Babe Didrikson: Nguvu za Mkono na Adabu ya Mazoezi

Wako watu wengi waaminio kwamba mwenye mkono mnene ndiye atakayetupa mkuki mbali kuliko wenzake, na kwamba asiyejaliwa mkono huo heri akae kando awapigie wenzake makofi. Wako na wengine wasemao kwamba nguvu si kitu, ufundi ndio mambo yote. Pande hizi mbili zimebishana tangu zamani, katika viwanja vya shule na katika viwanja vya mataifa. Basi katika toleo hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye maisha yake yaweza kuukata ubishi huo vizuri kuliko maneno mengi. Jina lake lilikuwa Mildred Didrikson, lakini dunia ilimjua kwa jina la Babe.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 katika mji wa Port Arthur, jimbo la Texas. Wazazi wake, Ole na Hannah, walikuwa wageni waliotoka Norway. Baba alikuwa seremala aliyewahi kufanya kazi melini, na mama alikuwa mtu wa nyumbani, tena alifua nguo za watu ili kuongeza pato. Watoto walikuwa saba, na Mildred alikuwa wa sita. Alipokuwa bado mdogo tufani kubwa iliipiga pwani ile, na wazee wake wakahamia mji wa jirani, Beaumont. Huko ndiko alikokulia. Hawakuwa watu wa mali. Msichana huyu alipopata umri wa kutosha alifanya kazi kiwandani, akishona magunia kwa malipo ya senti moja kwa kila gunia. Kuhusu jina la Babe, mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipewa na wavulana wa mtaani kwa sababu ya jinsi alivyoupiga mpira, wakamfananisha na Babe Ruth, aliyekuwa bingwa wa mchezo wa besiboli siku hizo.

Baba yake aliamini sana faida ya mazoezi. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vyombo, aliwatengenezea wanawe vyombo kwa mikono yake nyuma ya nyumba. Alisimamisha milingoti ya kuning'inia na kuruka. Kisha alichukua mpini wa ufagio wa zamani, akafunga pasi moja huku na pasi nyingine huku, ukawa mzigo wa kuinua. Pasi hizo zilikuwa za chuma kitupu, za kupashwa moto jikoni, wala si nyepesi kama hizi tunazotumia kwa umeme. Vyombo hivyo viliwekwa hasa kwa ajili ya wavulana, ili wajenge misuli yao. Lakini wasichana nao walivishika, na baba hakuwafukuza. Neno hili ni dogo, bali msomaji alitie akilini, maana bila hilo huenda tusingekuwa na habari ya kuandika leo.

Ole Didriksen alifanya jambo ambalo wataalamu wa leo wanalifundisha vyuoni. Mkono haupati nguvu kwa kuinua mzigo mkubwa mara moja na kujisifu. Hupata nguvu kwa kuinua mzigo unaouweza, mara nyingi, siku baada ya siku, na mzigo ukiongezwa kidogo kidogo. Misuli ikifanyishwa kazi kidogo zaidi ya ilivyozoea, kisha ikapewa chakula na mapumziko, hujijenga upya ikiwa imara zaidi kuliko kwanza. Ikilemewa ghafula, huumia. Ikiachwa bila kazi, hulegea. Basi mpini ule wa ufagio ulikuwa shule kamili.

Shule ya pili ilikuwa barabarani. Katika njia ya kwenda dukani palikuwa na nyua saba za miti mbele ya nyumba za majirani, na Babe alipenda kuziruka zote mbio mbio, huku dada yake Lillie akikimbia barabarani kando yake. Ua mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine, ukamsumbua. Alimwomba mwenye nyumba aukate ulingane na mingine, na yule bwana akakubali. Tena, kwa kuwa nyua zile zilikuwa pana na matawi yake yakikwaruza, ilimbidi akunje goti lake kwa namna ya pekee asije akachubuka. Baadaye, aliposhindana katika mbio za kuruka viunzi, mkunjo ule wa goti ulikuwa umekwisha kuwa tabia yake.

Katika mwaka wa 1930, akiwa bado mwanafunzi, alionwa akicheza mpira wa kikapu na bwana mmoja aliyeitwa Melvin McCombs, msimamizi wa michezo katika kampuni ya bima mjini Dallas. Kampuni hiyo ilimwajiri kuwa karani kwa mshahara wa dola 75 kwa mwezi, na sehemu ya fedha hizo aliipeleka nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka wa 1931 timu ya kampuni ilipata ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa wanawake. Kisha McCombs alimpeleka kwenye uwanja wa riadha, akamwonyesha mkuki, tufe, viunzi na ufito wa kuruka juu. Babe alitaka kujaribu kila kitu. Jioni, kazi ya ofisini ilipokwisha, alikwenda uwanjani akafanya mazoezi mpaka usiku. Mwaka huo huo wa 1931 alitupa mpira wa besiboli umbali wa karibu meta 90, jambo ambalo wanaume wengi wenye nguvu hawaliwezi.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize: je, mpira ule ulitupwa na mkono tu? La. Mwenye kutupa kitu mbali huanzia miguuni. Mguu husukuma ardhi, kiuno huzunguka, kifua hufuata, bega huvuta, kisha kiwiko, na mwisho kabisa kiganja na vidole. Kila kiungo hupokea mwendo kutoka kwa kilichotangulia, huongeza wake, na kupitisha mbele, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji nyumba inapoungua. Mmoja akichelewa au akiharakisha, maji humwagika. Mkono dhaifu hauwezi kupokea mwendo mkubwa unaotoka kiunoni, utalegea au utaumia. Lakini mkono wenye nguvu usiojua zamu yake huanza kazi mapema, na nguvu za miguu zikapotea bure. Ndiyo sababu kijana mnene aweza kushindwa na mwembamba katika kutupa mkuki, watazamaji wakabaki wakistaajabu.

Babe hakuwa mtu mkubwa wa mwili. Alikuwa na kimo cha kawaida na mwili mwembamba, uliokazika. Alichokuwa nacho ni mikono iliyozoezwa na pasi za baba yake, miguu iliyozoezwa na nyua za majirani, na uvumilivu wa kurudia jambo moja mpaka viungo vyote vipatane.

Matunda yalionekana tarehe 16 Julai 1932. Siku hiyo yalifanyika mashindano ya taifa ya wanawake katika mji wa Evanston, jimbo la Illinois, ambayo pia yalikuwa ya kuchagua wachezaji wa Olimpiki. Vyama vingine vilileta wasichana wengi, lakini kampuni ya Dallas ilimpeleka Babe peke yake, awe yeye ndiye timu nzima. Kwa muda wa saa tatu hivi alikuwa akikimbia kutoka mchezo huu kwenda mchezo huu. Alishindana katika michezo minane. Alishinda mitano peke yake: kutupa tufe, kutupa mkuki, kutupa mpira wa besiboli, kuruka mbali, na meta 80 za viunzi. Katika kuruka juu alilingana na Jean Shiley. Alipata pointi 30, akachukua ubingwa wa timu. Timu iliyomfuata ilikuwa na wasichana 22, nayo ilipata pointi 22.

Wiki chache baadaye ikaja Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Sheria ya siku hizo haikumruhusu mwanamke kushindana katika michezo zaidi ya mitatu, kwa kuwa wakuu wengi wa michezo waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili zaidi. Babe alichagua mkuki, viunzi na kuruka juu. Mkuki wa wanawake ulikuwa ukishindaniwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Katika mtupo wake wa kwanza mkono uliteleza kidogo kwenye mkuki, nao ukaruka chini chini, umenyooka kama mshale, ukatua kwenye meta 43.68. Gegedu la bega lake la kulia likachanika hapo hapo, na mitupo iliyofuata haikufaa kitu. Hata hivyo mtupo ule mmoja ulitosha. Mjerumani Ellen Braumüller alifika meta 43.49, na Babe akawa mwanamke wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya mkuki katika Olimpiki. Katika viunzi alishinda tena kwa muda wa sekunde 11.7, ambao ulikuwa rekodi ya dunia, akimtangulia kwa nafasi ndogo sana mwenzake Evelyne Hall aliyeandikiwa muda huo huo. Katika kuruka juu yeye na Jean Shiley waliruka kimo kimoja, meta 1.65 na kidogo zaidi, lakini katika kuamua mshindi waamuzi walisema kwamba kichwa cha Babe kilitangulia mwili kuuvuka ufito, jambo lililokatazwa wakati ule. Akapewa fedha.

Bega lile lililochanika latufundisha jambo. Mtupo wa mkuki huweka mzigo mkubwa mno juu ya bega kwa nukta moja ya wakati, na kosa dogo la mshiko laweza kumwumiza hata bingwa wa dunia. Wanafunzi wanaopenda kukimbilia mkuki kabla ya kuupasha mwili moto na walikumbuke bega la Babe.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo maisha yake yalikuwa mepesi. Sivyo. Jina kubwa halikumpa chakula. Kabla ya mwaka huo kwisha alisimamishwa na chama cha riadha ya ridhaa kwa sababu jina na picha yake vilitokea katika tangazo la motokaa. Ilimbidi aonekane katika majumba ya maonyesho na kucheza besiboli na mpira wa kikapu pamoja na timu za kuzunguka mijini, ili apate fedha za kuwasaidia wazazi wake. Waandishi wengine wa magazeti walimdhihaki, wakisema kwamba mwanamke mwenye misuli si mwanamke kamili. Yeye naye hakuwa malaika. Alipenda kujisifu, akawaambia wenzake kabla ya mashindano kwamba atawashinda, na wengi hawakumpenda kwa ajili hiyo.

Ndipo alipougeukia mchezo wa gofu, na hapa ndipo ilipo sehemu ya maisha yake yenye mafunzo makubwa kupita zote. Gofu ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo, mgumu, kwa fimbo ndefu, mpaka uingie katika shimo lililo mbali, na mshindi ni yule atumiaye mapigo machache. Babe alikuwa na mkono wenye nguvu kuliko karibu wanawake wote wa nchi yake, na mpira aliweza kuupeleka mbali sana. Taabu ni kwamba haukwenda alikotaka. Katika gofu mpira umetulia, wala hakuna wa kukimbizana naye. Fimbo hupita katika duara kubwa, na uso wake ukigeuka kidogo tu wakati wa kugusa mpira, mpira hupinda ukaingia porini. Mwenye nguvu akikosea hukosea mbali zaidi kuliko mnyonge. Nguvu zake, zilizomletea dhahabu Los Angeles, zikawa sasa zamwaibisha.

Mwingine angeacha, akarudi kwenye michezo aliyoijua. Babe alikubali kuwa mwanafunzi tena. Katika mwaka wa 1933 alijifunza kwa mwalimu Stan Kertes huko California, ambaye hakumtoza ada. Alipiga mipira kutwa, siku nyingine elfu moja na zaidi, mpaka viganja vikachubuka na kutoka damu. Akavifunga kwa plasta, akaendelea. Baadaye, aliporudi kazini Dallas, alifanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda ofisini, akafanya wakati wa mapumziko ya mchana, akafanya tena jioni mpaka giza likaingia, na usiku akasoma kitabu cha sheria za mchezo. Hakuwa akipiga ovyo. Alijifunza kwanza mapigo mafupi yanayotaka utulivu wa mkono, kisha marefu yanayotaka nguvu. Alijifunza kuishika fimbo bila kuikaba, na kuacha kiuno kianze ndipo mikono ifuate. Kwa maneno mengine, alijifunza ile ile zamu ya viungo tuliyoitaja katika mkuki, lakini kwa kipimo chembamba zaidi.

Mwaka wa 1935 alishinda ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Texas. Furaha haikudumu, kwa maana chama cha gofu cha Marekani kiliamua kwamba, kwa kuwa alikuwa amepokea fedha katika michezo mingine, hawezi kuhesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa. Mashindano ya wanawake wa kulipwa yalikuwa machache mno siku hizo, hata akawa kama mtu aliyefungiwa mlango. Mwaka wa 1938 alishindana pamoja na wanaume katika mashindano ya wazi ya Los Angeles, na huko alipangwa pamoja na mpiga mieleka George Zaharias. Wakaoana tarehe 23 Desemba mwaka huo huo. Katika mwaka wa 1943 alirudishiwa haki yake ya ridhaa. Mwaka wa 1946 alikuwa bingwa wa wanawake wa ridhaa wa Marekani, na mwaka wa 1947 alivuka bahari mpaka Gullane, huko Scotland, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda ubingwa wa Uingereza wa wanawake wa ridhaa, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1893. Mwaka wa 1950 yeye na wenzake kumi na wawili walianzisha chama cha wanawake wachezaji wa gofu wa kulipwa, ili wasichana watakaokuja nyuma yao wasiukute mlango umefungwa kama yeye alivyoukuta. Mwaka huo pia waandishi wa habari wa Marekani walimchagua kuwa mwanamke bora wa michezo katika nusu ya kwanza ya karne.

Jaribu la mwisho lilikuja mwaka wa 1953. Waganga waligundua kwamba ana kansa ya utumbo, wakampasua mwezi wa Aprili, wakamfanyia njia mpya ya choo tumboni. Watu wengi waliamini kwamba hatashika tena fimbo ya gofu katika mashindano. Siku zile watu waliona haya hata kulitaja jina la ugonjwa huo, lakini yeye hakuuficha. Alisema wazi, akachangisha fedha za kupigana nao. Miezi michache baadaye alikuwa uwanjani. Na mwezi wa Julai 1954, katika mashindano makubwa ya wanawake ya Marekani yaliyofanyika huko Peabody, jimbo la Massachusetts, alicheza mashimo 36 siku ya mwisho na kushinda kwa tofauti ya mapigo 12. Ilikuwa mara ya tatu kupata ubingwa huo, baada ya ule wa 1948 na wa 1950.

Tuuangalie vizuri ushindi huu. Hapana shaka kwamba mwaka 1954 mkono wake haukuwa na nguvu kama za 1932. Alikuwa na miaka 43, amepasuliwa, na alichoka upesi. Lakini adabu aliyoifundisha mikono yake kwa mipira maelfu na maelfu haikumwacha. Nguvu hupungua kwa umri na maradhi. Ufundi uliojengwa juu ya nguvu hizo hukaa zaidi.

Kansa ilirudi mwaka wa 1955. Babe Didrikson Zaharias alifariki tarehe 27 Septemba 1956 katika hospitali mjini Galveston, akiwa na umri wa miaka 45.

Basi tukirudi kwenye ubishi wetu, ni upande gani uliosema kweli? Twaona kwamba kila upande ulisema nusu. Bila pasi za baba yake, mafundisho ya McCombs na ya Kertes yasingepata mkono wa kuyatenda. Bila mafundisho hayo, mkono ule ungebaki wa kuinulia pasi. Nguvu ni mtaji, na mazoezi yenye utaratibu ndiyo biashara. Mwenye mtaji asiyejua biashara hufilisika, na ajuaye biashara bila mtaji hana pa kuanzia.

Wanafunzi wanaotaka kutupa mkuki au tufe katika uwanja wetu wasingoje vyombo vya gharama. Mti wa kuning'inia upo, na mchanga wa kujaza katika mfuko upo. Waanze na mzigo mdogo, waongeze polepole, waupashe mwili moto, na wamsikilize mwalimu awafundishapo zamu ya miguu, kiuno na mkono, hata kama somo hilo lawachosha kwa kurudiwa. Na wazazi watakaoiona kazi hiyo nyuma ya nyumba zao, yafaa wafanye kama yule seremala wa Beaumont: binti naye akiushika mpini, asifukuzwe.